Spoligo ya TB bila filamu tupu: mwongozo kamili kutoka koloni hadi namba ya tarakimu 15

Filamu ninazotumiwa kwenye simu na vijana wa maabara zinafanana kama mapacha. Ama ni nyeupe pe, ama nyeusi tii, ama ina madoa mazuri ya kupendeza lakini msomaji kaipa ukoo usiokuwepo duniani. Aliyeituma huwa ameshalaumu praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala), kalaumu utando, na vyote kashaviagiza upya kwa pesa za mradi. Nikiuliza maswali mawili matatu, kosa linakutwa kwenye nyuzijoto, kwenye kiputo cha hewa, au kwenye upande alioshikia filamu.

Kwa hiyo tuifanye kazi hii mwanzo hadi mwisho. Spoligo ni njia ya kutofautisha straini za kifua kikuu kwa kuangalia sehemu moja tu ya DNA ya kimelea. Hapo kipande kilekile cha herufi 36 kinajirudia rudia, na katikati ya rudio na rudio kuna kitenganishi chenye mfuatano wake wa pekee. Straini hii imepoteza vitenganishi hivi, ile imepoteza vile, na kilichopotea hakirudi. Utando wetu umebandikwa vitenganishi 43 kwa mistari. Tunauliza swali moja mara 43: kipo au hakipo?

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- DNA ya sampuli, na DNA ya kontroli mbili: H37Rv (straini ya TB ya kulinganishia maabara) na BCG (kimelea cha chanjo). Bila hizi mbili usianze.
- Praima DRa (GGTTTTGGGTCTGACGAC) yenye biotini (kishikizo cha kimeng'enya cha mwanga) mwanzoni mwake, upande wa 5', na praima DRb (CCGAGAGGGGACGGAAAC) isiyo na biotini.
- Mchanganyiko wa PCR (njia ya kuzalisha nakala nyingi za DNA) uliouzoea, na mashine yake.
- Utando wenye vitenganishi 43, na miniblota (kifaa cha kubana utando) yenye mifereji 45 pamoja na sifongo yake.
- SSPE (bafa ya chumvi) iliyokolezwa mara 20, SDS (sabuni) ya asilimia 10, EDTA, maji safi ya maabara.
- Streptavidini-peroksidesi, kimiminika cha kutoa mwanga (ECL), filamu ya eksirei, kaseti na chumba cha giza.
- Oveni ya chupa zinazozunguka, au beseni la maji moto linalotikisika.
- Kipimajoto cha kawaida cha kutumbukiza. Hiki ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha, na ndicho watu wanachokosa.

Bafa tengeneza siku moja kabla. Utahitaji lita moja ya SSPE ya mara 2 yenye SDS asilimia 0.5: mililita 850 za maji, 100 za SSPE ya mara 20, halafu 50 za SDS. Tengeneza pia mililita 300 za SSPE ya mara 2 yenye SDS asilimia 0.1, na nusu lita ya SSPE ya mara 2 peke yake.

SDS ikikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi huganda kama chumvichumvi chini ya chupa. Ipashe moto mpaka iyeyuke yote ndipo upime, la sivyo unapima maji.

## Hatua ya 1: Ua vimelea, kisha chukua DNA

Chota koloni (rundo la vimelea vilivyoota kwenye sahani) kiasi cha ncha ya lupu, weka kwenye mikrolita 400 za bafa ya TE ndani ya kichupa chenye kifuniko cha skrubu. Chemsha nyuzi 95 kwa dakika 30. Zungusha kwenye sentrifuji, uchukue maji ya juu. Hiyo ndiyo DNA yako. Ni chafu kidogo, lakini kwa spoligo inatosha.

Onyo. Mpaka kichupa kichemke, kimelea ni hai. Kazi yote ya kabla ya kuchemsha inafanyika ndani ya kabati la usalama, kwenye maabara iliyoruhusiwa kuotesha TB, na barakoa ya N95 usoni. Kichupa kizame chote kwenye joto hadi kwenye kifuniko, maana tone lililobaki juu ya mstari wa maji halikuchemka. Nyuzi 80 kwa dakika 20, ambazo wengi wamezirithi kwenye protokali za zamani, zimeshaonekana kushindwa kuua vimelea vyote.

Andaa na kichupa kimoja kisicho na koloni, ukipeleke njia yote kama sampuli. Baadaye kitakuambia kama uchafu umeingilia hapa au kwenye PCR.

## Hatua ya 2: PCR

Kwa mikrolita 50 weka pikomoli 20 za kila praima na nanogramu kama 10 za DNA. Vingine fuata kipimo cha mtengenezaji wa kimeng'enya chako.

Mashine iwe hivi: nyuzi 96 dakika 3. Halafu mizunguko 30 ya nyuzi 96 dakika 1, nyuzi 55 dakika 1, nyuzi 72 sekunde 30. Malizia na nyuzi 72 dakika 5.

Usiongeze mizunguko ifike 40 kwa sababu sampuli yako ni dhaifu. Marudio yapo mengi, praima zinanasa kila mahali, na chembe moja ya uchafu ikipewa mizunguko 40 inageuka mgonjwa mpya.

Mchanganyiko utengenezwe chumba kimoja, DNA iongezwe chumba kingine. Kama chumba ni kimoja tu, basi meza mbili na pipeti mbili, na zisibadilishane hata siku moja.

Mafanikio yanaonekanaje. Ukipitisha mikrolita 5 kwenye jeli hupati mstari mmoja safi. Unapata ngazi ya mistari hafifu, wakati mwingine moshi mtupu. Hiyo ni sahihi, usiitupe. Kichupa cha maji, yaani PCR uliyoiwekea maji badala ya DNA, kisiwe na kitu.

Na hapa kuna mtego. Jeli inaweza kupendeza na filamu ikatoka tupu, kwa sababu aliyeagiza praima alisahau biotini. Jeli haijui habari ya biotini, filamu haijui kingine. Soma karatasi iliyokuja na praima kabla hujaanza kuulaumu utando.

## Hatua ya 3: Panga mifereji kwenye karatasi

Mfereji wa 1 na wa 45 usiutumie, kingo zinavuja. Inabaki 43. Mimi naweka H37Rv mfereji wa 2, BCG mfereji wa 44, maji ya PCR katikati, na kile kichupa kisicho na koloni kando ya BCG. Wagonjwa wanabaki na nafasi 39.

Kontroli zikikaa ncha mbili tofauti, filamu ikigeuka utajua palepale. Pia utaona kama upande mmoja wa utando haukuoshwa vizuri.

## Hatua ya 4: Unganisha DNA na utando

Hapa ndipo kazi inapoharibika, kwa hiyo tutembee polepole.

Kwenye kichupa changanya mikrolita 20 za PCR na mikrolita 150 za SSPE/SDS asilimia 0.1. Chemsha nyuzi 99 dakika 10, halafu moja kwa moja kwenye barafu. Joto linatenganisha nyuzi mbili za DNA, barafu inazizuia zisirudiane. Ukiviacha vichupa mezani vipoe vyenyewe huku unajibu simu, nyuzi zitarudiana zenyewe kwa zenyewe na utando utabaki na njaa.

Wakati vinachemka, loweka utando dakika 5 kwenye mililita 250 za bafa hiyohiyo kwa nyuzi 60. Uweke kwenye miniblota, mistari ya vitenganishi ikikatana na mifereji kama nyuzi za mkeka: mstari unakwenda huku, mfereji unakwenda kule. Ukiviweka vyote upande mmoja, kila mgonjwa atakutana na kitenganishi kimoja tu, na siku imepotea.

Kaza skrubu kwa vidole, usitumie bisibisi. Fyonza maji yote yaliyobaki kwenye mifereji yote kwa pampu. Sasa jaza. Shika pipeti imelala kidogo, ncha iguse ukingo wa mfereji, sukuma taratibu bila kusimama mpaka utokeze upande wa pili. Mfereji usio na sampuli ujaze bafa, usiuache mkavu.

Kisha inua miniblota kwenye mwanga, chungulia mfereji mmoja mmoja. Unatafuta viputo. Kiputo chenye urefu wa nusu sentimita kinafunika vitenganishi kadhaa vinavyofuatana, na kwenye filamu pengo hilo linafanana kabisa na upotevu wa kweli wa DNA. Tofauti ni kwamba straini haikupoteza chochote, ni wewe uliyepuliza hewa. Ukikiona, fyonza mfereji wote na ujaze upya.

Weka nyuzi 60 kwa saa nzima, juu ya sehemu tambarare. Usitikise, maana sampuli zitaruka mfereji kwenda mwingine.

## Hatua ya 5: Osha kwa nyuzi 60 zilizo za kweli

Fyonza sampuli zote kwanza ndipo ufungue miniblota. Ukifungua kabla, zinachanganyika juu ya utando na hakuna wa kuzitenganisha tena.

Osha mara mbili kwa mililita 250 za SSPE/SDS asilimia 0.5, dakika 10 kila mara, nyuzi 60. Bafa iwe imeshapashwa tangu asubuhi.

Sasa kile kipimajoto. Namba inayowaka mlangoni mwa oveni ni joto la hewa ya oveni, si la bafa ndani ya chupa. Kwenye maabara moja niliyofanyia kazi tulihangaika wiki mbili na filamu zenye madoa hafifu kila mahali, hata penye maji matupu. Mlango ulisema 60, ndani ya chupa zilikuwa 52. Bafa ikipoa, DNA inang'ang'ania kitenganishi kisichokuwa chake na filamu inajaa weusi. Ikizidi joto, hata iliyo halali inabanduka, unapata weupe. Tumbukiza kipimajoto kwenye bafa yenyewe, kila mara.

## Hatua ya 6: Kimeng'enya kwa nyuzi 42

Acha chupa ipoe hadi nyuzi 42 kabla ya kuweka peroksidesi. Bafa ya nyuzi 60 itaidhoofisha, na kosa hilo hutalijua mpaka uko chumba cha giza.

Weka mikrolita 2.5 za kimeng'enya (cha yuniti 500 kwa mililita) kwenye mililita 10 za SSPE/SDS asilimia 0.5. Zungusha dakika 45 hadi 60 kwa nyuzi 42. Streptavidini inashika biotini, peroksidesi iliyofungwa nayo itatoa mwanga.

Bafa zako zote zisiwe na azidi ya sodiamu. Wapo wanaoiweka kuzuia ukungu, nayo inazima peroksidesi kabisa.

Osha mara mbili kwa bafa hiyohiyo, dakika 10, nyuzi 42. Halafu suuza mara mbili kwa SSPE ya mara 2 isiyo na SDS, dakika 5, joto la chumba.

## Hatua ya 7: Filamu

Mwagia mililita 20 za ECL, dakika 1, ukihakikisha utando wote umelowa. Ufunge kwenye plastiki safi, ukamue hewa, weka kwenye kaseti. Kata pembe moja ya filamu, ileile kila siku, ndipo uifunike juu.

Anza na dakika 20. Ikitoka nyeusi mno, weka filamu nyingine kwa dakika 5, mwanga bado upo. Ikitoka hafifu, weka nyingine saa moja.

Mafanikio yanaonekanaje. Madoa ya mraba, meusi, yenye kingo. Mifereji ya maji haina doa hata moja. H37Rv imekosa namba 20, 21 na 33 hadi 36, hakuna kingine. BCG imekosa 3, 9, 16 na 39 hadi 43. Vile sita ambavyo H37Rv haina viliwekwa kwenye utando kutokana na BCG, ndiyo maana kontroli hizi zinakamilishana: kila kitenganishi kinawaka angalau kwa mmoja wao. Ikiwa kimoja hakiwaki kwa yeyote, mstari huo wa utando umechoka.

Kontroli zisipokaa hivyo, usisome mgonjwa hata mmoja.

## Hatua ya 8: Osha utando siku hiyohiyo

Usiuache ukauke. Ukikauka na DNA juu yake, ya leo itaonekana kwenye filamu ya wiki ijayo. Osha mara mbili kwa SDS asilimia 1, nyuzi 80, dakika 30. Kisha dakika 15 kwenye EDTA ya milimola 20, pH 8, joto la chumba. Hifadhi ukiwa umelowa EDTA, ndani ya plastiki iliyofungwa, nyuzi 4. Ukitunzwa hivi, utando unatumika mara kumi na zaidi. Andika idadi juu ya plastiki.

## Hatua ya 9: Geuza madoa kuwa namba

Doa jeusi ni 1, nafasi tupu ni 0. Kusanya tatu tatu kuanzia kitenganishi cha 1. Katika kila kundi nafasi ya kwanza ina thamani 4, ya pili 2, ya tatu 1. Jumlisha zilizo nyeusi. Makundi 14 yanamaliza 42, na cha 43 kinasimama peke yake. Jumla tarakimu 15, ya mwisho ikiwa 0 au 1 tu. Ukiona 7 mwishoni, umeruka mahali.

Tuchukue mgonjwa mmoja. Filamu ina vyeusi vitatu, vyeupe vinne, vyeusi viwili, cheupe kimoja, vyeusi tisa, vyeupe kumi na sita, vyeusi vinane. Hesabu: 43. Vizuri. Iandike:

111 000 011 011 111 111 100 000 000 000 000 001 111 111 1

Inakuwa 703377400001771. Kwenye SITVIT, hazina ya picha za spoligo ambayo huipa kila picha namba ya SIT, hii ni SIT21, ukoo wa CAS1-Kili, na hiyo Kili ni Kilimanjaro yetu.

Mambo mawili watu hukosea hapa. Kwanza, Excel. Ukiandika 000000000003771, ambayo ni Beijing, Excel inakula sifuri zote na kukuachia 3771. Weka safu iwe maandishi kabla hujaandika lolote. Pili, upande. Mimi mwenyewe niliwahi kushika filamu kichwa chini asubuhi nzima. Beijing, ambayo ni weupe 34 kisha weusi 9, ikawa weusi 9 kisha weupe 34, nami nikaanza kutafuta jina la ukoo mpya. BCG ilikuwa imekaa mfereji wa pili ikinitazama. Tangu siku hiyo napiga kona mkasi kabla ya chochote.

Koo utakazozijua kwa macho baada ya filamu chache:

- Beijing: 1 hadi 34 hazipo.
- CAS: 4 hadi 7 na 23 hadi 34 hazipo.
- LAM: 21 hadi 24 na 33 hadi 36 hazipo.
- EAI: 29 hadi 32 hazipo, 33 ipo, 34 haipo.
- T: 33 hadi 36 hazipo.
- M. bovis: 3, 9, 16 na 39 hadi 43 hazipo. Ukiiona kwa mgonjwa wako wa kwanza, hakikisha kwanza si BCG yako iliyovuja.

## Pale filamu inapodanganya

Mgonjwa mwenye picha ya H37Rv kamili, 777777477760771, mshuku: huenda ni kontroli yako iliyoingia. Tofauti yake na T ya kawaida ni 20 na 21 tu. Rudia kutoka kwenye koloni, siyo kutoka kwenye PCR.

Majirani wawili wenye picha moja, ya pili ikiwa hafifu: mfereji umevuja. Rudia wote wawili, ukiwatenganisha.

Ya tatu ndiyo tamu. Ukipata straini iliyokosa 33 na 34 tu, yaani 777777777763771, hazina itakuambia ni ukoo wa Manu2. Usikimbilie. Chukua T, isiyo na 33 hadi 36, uichanganye na Beijing, yenye 35 hadi 43. Beijing inaziba 35 na 36, linabaki pengo la 33 na 34. Kwenye filamu mgonjwa mwenye straini mbili anafanana sawasawa na mwenye Manu2 moja. Rudi kwenye sahani, chagua koloni moja moja kama kumi, pima kila moja peke yake. Zikigawanyika, ulikuwa na wawili.

Na picha yoyote isiyopatikana kwenye hazina irudie kwenye mfereji tofauti kabla hujaiita mpya. Nyingi zinapotea pamoja na kiputo.

## Kwenye ripoti uandike nini

Andika tarakimu 15, SIT na ukoo, basi. Wagonjwa wawili wa Moshi wenye SIT21 hujathibitisha kwamba mmoja alimwambukiza mwenzake, kwa sababu ukoo huo ni wa kawaida kule. Kwa Beijing hali ni mbaya zaidi, karibu zote zinavaa picha moja.

Ukitaka kuzungumzia maambukizi, ongeza MIRU-VNTR (kipimo cha kuhesabu marudio ya DNA) ya sehemu 24, iliyokubaliwa kama kipimo cha pamoja mwaka 2006, au soma jenomu nzima. Kwenye jenomu nzima, tofauti ya herufi 5 au chini inaashiria maambukizi ya karibuni. Zaidi ya 12 inayakanusha. Mpaka hapo, kwenye safu ya "uhusiano wa wagonjwa" andika: "Wana spoligotaipu moja, maambukizi hayajapimwa."